Mazoezi makali ya kupunguza uzito ukiwa Bagamoyo: mchanga, baraza na kamba

Mazoezi makali hupunguza uzito ikiwa tu mwili unaweza kuyarudia wiki hadi wiki. Wanaoanza kwa pupa, hasa mwezi wa Januari au mara baada ya Idi, hukimbia ufukweni siku tatu mfululizo kwa nguvu zote. Siku ya nne magoti yamevimba, na kabla wiki ya pili haijaisha raba zimerudi uvunguni. Mpango ulioelezwa hapa ni wa wiki nane. Una siku tatu ngumu kwa wiki na siku nne nyepesi, na unatumia vitu ambavyo Bagamoyo havitafutwi: mchanga wa pwani, baraza la nyumba, madumu ya lita 5 na kamba.

Kila siku ngumu inaushika mwili mahali pake. Jumatatu ni mbio fupi mchangani. Jumatano ni kazi ya uzito: kuinua, kusukuma, kubeba. Jumamosi ni kamba, au ngoma kwa asiyeweza kuruka. Moyo unafanya kazi siku zote tatu, lakini kigimbi kilichochoka Jumatatu kinapumzika Jumatano, na bega lililobeba Jumatano linapumzika Jumamosi. Hiyo ndiyo faida ya kuchanganya. Anayebadilisha ovyo, leo video hii kesho ile, haipati, kwa sababu hajui ameongeza nini wala amepunguza nini.

Kabla ya siku ya kwanza

Pima presha. Ikiwa ya juu imefika 180 au ya chini 110, acha kabisa mazoezi makali mpaka daktari aishushe. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi apime sukari kabla ya kila siku ngumu: ikiwa chini ya mmol 5 kwa lita, ale ndizi moja au kipande cha muhogo, asubiri dakika 15, apime tena. Mfukoni awe na pipi au glukosi, na anayefanya naye mazoezi ajue kwamba kutetemeka, jasho la baridi na maneno kuchanganyika ni sukari iliyoshuka. Mjamzito, aliyejifungua karibuni, anayebanwa na kifua akitembea haraka, au aliyewahi kuzimia akiwa kwenye kazi ngumu, asianze bila kuonwa na daktari.

Aliyevuka miaka 40 bila mazoea ya mazoezi, au asiyetembea hata nusu saa kwa siku, aanze na wiki nne za kutembea haraka, dakika 30, siku tano kwa wiki. Mapafu huzoea upesi kuliko kano na magoti. Ndiyo maana mtu hujisikia ana pumzi za kutosha, akaongeza kasi, na kisigino kikamgomea.

Chukua vipimo viwili: uzito na kiuno. Uzito upime mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi, ukitoka chooni na kabla ya chai, kwenye mzani uleule. Kiuno kipime kwa tepu ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi bila kubana tumbo. Mwanamume anayezidi sentimita 94 na mwanamke anayezidi 80 wameingia kwenye eneo ambalo hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huongezeka. Mara nyingi kiuno hupungua kabla mzani haujasema kitu, kwa hiyo asiyepima kiuno hukata tamaa bure.

Ukali unapimwaje

Kipimo cha kwanza ni mazungumzo. Ukitembea haraka unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukiwa ndani ya kipindi kigumu, husemi zaidi ya maneno mawili matatu kabla ya kuvuta pumzi. Ukiweza kusimulia kisa, ongeza. Ukishindwa kutoa hata neno na macho yanaona kiza, umepita kiasi. Tembea pole pole mpaka kiza kiondoke, na siku hiyo iishie hapo.

Kipimo cha pili ni mapigo ya moyo. Toa umri wako kwenye 220. Mwenye miaka 40 anapata 180, na asilimia 80 hadi 90 yake ni mapigo 144 hadi 162 kwa dakika. Weka vidole viwili shingoni pembeni ya koo, hesabu kwa sekunde 10: unataka kusikia mapigo 24 hadi 27 mara tu unapomaliza kipindi kigumu. Kabla ya kuanza kipindi kinachofuata, mapigo hayo yawe yameshuka hadi 20 hivi. Yakibaki 23 au 24, mapumziko hayajatosha, hata kama saa inasema muda umefika. Anayemeza atenololi, ambayo ni dawa ya presha, au dawa nyingine ya aina hiyo atumie kipimo cha mazungumzo peke yake, kwani dawa hizo huzuia moyo kwenda mbio na hesabu itamdanganya.

Saa, joto na maji ya bahari

Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Jasho hukuchuruzika bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kwa hiyo mazoezi yaleyale ni mazito zaidi Bagamoyo kuliko Lushoto au Iringa, na wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huwa mazito zaidi. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Kwa anayetoka bara, wiki mbili za kwanza afanye nusu ya vipindi vilivyoandikwa hapa.

Anza saa kumi na mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni. Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki: asubuhi jua linachomoza baharini na saa moja na nusu tayari linakupiga usoni, ilhali jioni liko nyuma ya mji na minazi inatoa kivuli. Kama chaguo ni lako, jioni ni afadhali. Lakini hapo ndipo bahari inapoingia kwenye hesabu.

Wakati wa bamvu, yaani siku chache tangu mwezi kuandama na tangu mwezi kuwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne. Ukienda saa kumi na moja jioni siku hizo utakuta maji yamepanda na kilichobaki ni ukanda wa mchanga mlaini, na mashua zimesogezwa juu. Siku hizo fanya asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, maji yakiwa yanarudi na kuacha mchanga mgumu. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: kupwa huangukia karibu saa kumi, hivyo jioni mchanga mgumu upo. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Usipojua mwezi umefika wapi, waulize wavuvi pale soko la samaki. Kwao hayo ni maisha ya kila siku.

Kunywa glasi mbili za maji saa mbili kabla ya kuanza mazoezi. Ukiwa na mzani, jipime kabla na baada ya mazoezi: kila kilo iliyopotea ni lita moja ya maji ya kurudisha, wala si mafuta yaliyoyeyuka. Kwa mazoezi ya chini ya saa moja maji yanatosha. Dafu ni zuri, ila lina chumvi kidogo kuliko inayotoka kwenye jasho, hivyo ukitoka jasho sana ule na kitu chenye chumvi.

Kupasha mwili moto

Dakika 10, siku zote tatu. Tembea haraka dakika 3, mchakamchaka wa pole pole dakika 3, kisha zungusha nyonga, vifundo vya miguu na mabega, chuchumaa mara 10, inua magoti mara 20. Malizia kwa vipindi viwili vya sekunde 15 kwa kasi ya wastani. Kunyoosha viungo kwa kukaa muda mrefu bila kutikisika kuache mwisho, misuli ikiwa imeshapata moto.

Jumatatu: mbio mchangani

Chagua eneo lenye mchanga mgumu uliolowa, usio na mashua. Karibu na soko la samaki kuna kamba za nanga zilizofukiwa nusu, ndoana na miiba ya samaki, kwa hiyo sogea mbali na shughuli hizo. Tembea kwanza urefu wote utakaokimbia huku ukitazama chini, kisha weka alama mbili, vifuu au kandambili, hatua 100 kutoka moja hadi nyingine.

Wiki ya 1 na 2: kimbia sekunde 20, tembea sekunde 100, mara 6.
Wiki ya 3 na 4: kimbia sekunde 30, tembea sekunde 90, mara 8.
Wiki ya 5 na 6: kimbia sekunde 30, tembea sekunde 60, mara 8.
Wiki ya 7 na 8: kimbia sekunde 40, tembea sekunde 60, mara 8.

Kipindi cha kwanza kisikumalize. Kasi sahihi ni ile inayokufikisha kipindi cha mwisho ukiwa bado unakaribia umbali wa kipindi cha kwanza. Ukianza kwa hatua 80 na kumaliza kwa 50, ulianza kwa pupa. Wiki ijayo punguza mwanzo. Mikono iende mbele na nyuma, isikate kifua. Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini ya mwili. Anayetupa mguu mbali mbele hujifunga breki kila hatua, na goti ndilo linalolipa.

Ufukwe umeinama kuelekea majini, hivyo mguu mmoja daima uko chini kuliko mwingine. Ukikimbia upande mmoja tu, nyonga na upande wa nje wa goti vitauma baada ya wiki chache. Kipindi kimoja elekea Kaole, kinachofuata geuka urudi.

Mchanga mlaini uache mpaka wiki ya 5. Kuukimbia hutumia nguvu takriban mara moja na nusu ya ardhi ngumu, na ndiyo sababu watu huupenda, lakini kisigino kinazama na kano yake inavutika kupita kawaida. Ukianza, badilisha vipindi viwili tu kati ya vinane. Kukimbia peku nako ni hivyohivyo: dakika 5 za kutembea peku kwa wiki ya kwanza, kisha uongeze taratibu. Kigimbi kikikaza siku ya pili ni kawaida. Kisigino kikiuma hatua za kwanza unapotoka kitandani, rudi kwenye raba na mchanga mgumu.

Jumatano: madumu na baraza

Siku hii wengi wanaotaka kupungua huiruka kwa kudhani vyuma ni vya wanaotaka kujaza mwili. Ni kosa kubwa. Anayepungua kwa mbio na kubana chakula pekee hupoteza misuli pamoja na mafuta, na akirudia kula kama zamani, kinachorudi ni mafuta.

Tafuta madumu mawili ya lita 5 yenye vishikio vizima. Likijaa maji lina kilo 5. Likijaa mchanga mkavu linafika kilo 8 hivi, na mchanga uliolowa kama kilo 10. Lijaze mpaka shingoni na uligonge chini mara kadhaa ili mchanga ushuke, kisha uongeze. Dumu lililojaa nusu linayumba, mzigo unahama mkononi na kiwiko kinateguka. Mchanga uutie kwa faneli ya karatasi, na kifuniko kizungushie plasta. Kishikio kizungushie kitambaa cha kanga kuukuu, tabaka mbili au tatu, la sivyo vidole vitakufa ganzi kabla misuli haijachoka.

Baraza linalofaa halizidi urefu wa goti lako, na ukingo wake usiwe unamomonyoka. Likazie jicho: saruji iliyopasuka ukingoni huvunjika mguu ukiwa juu.

Mazoezi ni matano, kwa mfuatano huu.

Kupanda baraza. Weka unyayo wote juu, kisigino kisining'inie. Inuka kwa nguvu ya mguu ulio juu. Mguu wa chini usijirushe. Shuka pole pole, hesabu moja mpaka mbili. Nusu ya muda mguu wa kulia, nusu wa kushoto. Goti lielekee upande wa kidole cha pili cha mguu. Likiingia ndani, baraza ni refu mno kwako, tafuta la chini au tumia ngazi.

Pushapu kwenye ukingo wa baraza. Mikono ipite kidogo upana wa mabega, mwili uwe mstari mmoja kutoka kisogo hadi kisigino, viwiko virudi nyuma kwa mshazari badala ya kutanuka kama mbawa. Kifua kiguse ukingo. Asiyeweza aanze ukutani. Anayefikisha 15 safi ashuke sakafuni.

Kuinua madumu kutoka chini. Hili ndilo linaloharibu migongo likifanywa ovyo, kwa hiyo jifunze kwanza bila mzigo. Simama ukiupa ukuta mgongo, umbali wa unyayo mmoja. Kunja magoti kidogo, kisha sukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, kifua kikiwa wazi na mgongo umenyooka. Umehisi nyuma ya mapaja ikivutika? Huo ndio mwendo. Sogea nusu unyayo zaidi, rudia. Ukiweza mara 10 bila mgongo kupinda, weka madumu pembeni ya miguu, shuka kwa mwendo uleule, yashike, vuta pumzi, kaza tumbo, inuka kwa kusukuma ardhi. Maumivu yakija kiunoni badala ya mapajani, weka madumu juu ya matofali mawili ili usishuke sana.

Kuvuta. Mkono mmoja na goti moja juu ya baraza, mkono mwingine unavuta dumu hadi ubavuni, kiwiko kikipita karibu na mwili. Nusu ya muda kila upande. Bega lisipande kuelekea sikio.

Kubeba. Shika dumu kila mkono, tembea uani ukiwa umenyooka, hatua fupi. Wanawake waliozoea ndoo za kisimani wanalijua hili tayari. Fanya vipindi vingine kwa dumu moja tu, na uzuie mwili usilalie upande wa mzigo. Tumbo na ubavu vinafanya kazi kweli hapo.

Wiki ya 1 na 2 tumia madumu ya maji: kazi sekunde 30, pumzika sekunde 30, raundi 2. Wiki ya 3 na 4, raundi 3. Wiki ya 5 na 6 badilisha kuwa mchanga mkavu, kazi sekunde 40, pumzika 20, raundi 3. Wiki ya 7 na 8, raundi 4. Kati ya raundi na raundi pumzika sekunde 90 ukitembea. Usiongeze uzito na raundi kwa wiki moja.

Sitapu hazimo kwa makusudi. Hazitoi kitambi. Mafuta hutoka mwili mzima kwa mpangilio ambao mwili wenyewe unauchagua.

Jumamosi: kamba au ngoma

Kamba ya nailoni yenye unene wa milimita 8 au 9 ni bora kuliko ya katani, ambayo inakwaruza. Kanyaga katikati ya kamba kwa mguu mmoja. Ncha zake zifike kwapani. Ikizidi hapo itaburuta na kukunasa.

Ruka kwenye udongo mgumu au kipande cha mkeka mnene. Saruji inapiga muundi, na mchanga unameza mruko. Viwiko viwe karibu na mbavu, kamba izungushwe na kifundo cha mkono. Mruko ni sentimita 2 au 3 tu, ya kutosha kamba kupita. Tua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kikigusa kidogo, bila kelele. Ukisikia kishindo, unaruka juu mno. Anayenaswa kila mara hutazama miguu, au mkono mmoja umekwenda mbali na mwili kuliko mwenzake. Atazame mbele na azungushe kwanza kamba pembeni bila kuruka, mpaka mikono iende sawa.

Anza na sekunde 20 za kuruka na 40 za kutembea papo hapo, mara 10. Wiki ya 3 fanya 30 kwa 30. Wiki ya 5, 40 kwa 20, mara 12. Ule mtindo wa sekunde 20 za kazi na 10 za mapumziko mara 8, unaoitwa Tabata, ulitangazwa mwaka 1996 na Izumi Tabata wa Japani, kwa vijana waliokuwa wanamichezo tayari, na walitumia baiskeli ya mazoezi. Anayeanza akiuiga kwa kamba, kipindi cha nne anakuwa anarukaruka tu bila ukali wowote. Subiri mpaka wiki ya 7.

Mwenye kilo nyingi au magoti mabovu asiruke. Bagamoyo ni mji wa ngoma, na ngoma inatosha kabisa. Weka singeli, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na ucheze nusu mdundo: mguu mmoja daima uko chini, magoti yanapanda hadi usawa wa kiuno, mikono inapiga ngumi mbele. Dakika 1 kwa nguvu, dakika 1 ukiyumba taratibu, mara 10. Pima mapigo kama kawaida. Ikiwa hayafiki, inua mikono juu ya kichwa na ushuke zaidi kwenye magoti.

Mavazi yasiwe kikwazo. Dera hunasa kamba na kukuangusha. Suruali pana ya pamba na shati refu linalofika magotini, pamoja na mtandio mwepesi uliobanwa, vinasitiri na havizuii. Epuka kujifunga nailoni tumboni au kuvaa koti zito ili utoke jasho. Mzani utashuka kwa maji, yatarudi ukinywa, na wakati huo umeupandisha mwili joto hadi pabaya.

Siku nne zilizobaki

Tembea dakika 40 kwa siku, haraka ya kutosha kuzuia kuimba. Kutoka mjini hadi magofu ya Kaole ni kama kilomita 5. Jumapili unaweza kwenda kwa miguu na kurudi kwa bodaboda, au kwenda na kurudi kwa baiskeli. Kuogelea kunafaa sana kwa wenye magoti mabovu. Usigeuze siku hizi kuwa ngumu.

Hesabu ambayo haina budi kusemwa

Kilo moja ya mafuta mwilini ina kalori kama 7,700. Mtu wa kilo 80 akifanya mazoezi ya siku ngumu kwa dakika 25 anatumia kalori 270 hivi. Mara tatu kwa wiki ni 800. Kutembea dakika 40 siku nne kunaongeza 900. Jumla 1,700, yaani karibu gramu 220 za mafuta kwa wiki. Ni kidogo. Akipunguza na chakula kwa kalori 400 kwa siku, jumla inafika 4,500 kwa wiki, zaidi ya nusu kilo. Hapo mwezi wa pili nguo zinaanza kupwaya.

Kalori 400 hazihitaji njaa. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni kalori 140 na zaidi. Andazi la ukubwa wa kawaida hukaribia 200. Soda ya mililita 350 ni 150. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni 120, na samaki wa kukaanga hunywa mafuta kuliko mtu anavyodhani. Tui zito la nazi nalo lina nguvu nyingi: wali wa nazi ubaki wa Ijumaa, siku nyingine upikwe wa maji.

Usipunguze protini. Mtu wa kilo 80 anahitaji gramu 95 hivi kwa siku ili misuli isiliwe. Hapa pwani imekaribia: gramu 100 za samaki aliyepikwa zina gramu 20 hadi 25, kikombe cha maharage yaliyochemshwa 15, yai moja 6. Supu ya pweza ina protini nyingi na mafuta kidogo sana. Chapati mbili za kuisindikiza ndizo zinazoharibu hesabu. Chukua ndizi mbichi za kuchemsha badala yake.

Yanayokwama, na sababu zake

Mzani umepanda wiki ya kwanza au ya pili. Misuli iliyoshtuka huhifadhi maji ili ijitengeneze. Yatatoka wiki ya tatu. Tazama kiuno.

Maumivu ya misuli siku ya pili na ya tatu ni ya kawaida, nayo huisha ukitembea. Lakini misuli iliyovimba na kuwa migumu, pamoja na mkojo wa rangi ya kahawia kama chai ya rangi, ni dalili kwamba misuli imevunjika na inaumiza figo. Hospitali siku hiyohiyo.

Muundi unauma ukiubonyeza. Umeongeza haraka, au raba zimekwisha soli. Acha kamba na mbio wiki mbili, fanya madumu na baiskeli.

Kichwa kinauma, kichefuchefu, mwili unasisimka baridi huku jua linawaka: joto limeanza kukushinda. Kaa kivulini, vua nguo za juu, mwagia maji kichwa na mwili, upepewe. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kuongea ovyo, usimnyweshe kitu, anaweza kupaliwa. Endelea kummwagia maji, weka barafu shingoni, kwapani na kinenani, na gari itafutwe wakati huohuo.

Uzito umesimama wiki tatu mfululizo na kiuno hakisogei. Mwili mwepesi unatumia nguvu kidogo kuliko ulipokuwa mzito, kwa hiyo chakula kilichokuwa kinatosha sasa kimezidi. Andika kila unachokula kwa siku tano, pamoja na karanga za njiani na kashata za kahawa. Punguza kwanza hapo, ndipo uongeze raundi.

Masika na Ramadhani

Mvua za Machi hadi Mei hufanya ufukwe uwe na takataka zinazoletwa na mito, na radi ikianza kunguruma eneo la wazi si pa kukaa. Jumatatu ihamie barazani: panda na kushuka baraza kwa kasi sekunde 30, tembea sekunde 60, mara 8.

Ramadhani, siku ngumu ziwe mbili badala ya tatu, baada ya tarawehe, saa tatu au saa tatu na nusu usiku, ukiwa umefuturu kwa uji, tende na samaki, na mihogo kidogo. Kaimati ziache zikusubiri baada ya mazoezi, mbili zinatosha. Anayetaka kutoka kabla ya magharibi atembee dakika 30 tu, pole pole, amalize karibu na adhana ili maji yawe mkononi mara tu anapofuturu. Baada ya Idi usiendelee pale ulipoachia: rudi nyuma wiki mbili kwenye mpango, kisha upande tena.